Pikipiki ya theluji ilipogoma kurudi nyuma

Huku Minnesota naendea ziwani kuvua kwa pikipiki ya theluji yenye injini ya mipigo miwili. Ikaanza kugoma kurudi nyuma: ukibonyeza kitufe cha rivasi, injini inapunguza mzunguko, inatikisika, kisha inazima. Kwenye theluji nene hilo ni balaa, maana mashine ina zaidi ya kilo 200 na kuigeuza kwa mikono ni kazi ya kuvunja mgongo.

Aina hii haina gia ya nyuma. Kompyuta hukata cheche mpaka injini ikaribie kusimama, halafu huwasha mafuta mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inasukumwa kinyume na injini inazungukia upande wa pili. Injini ilipunguza mzunguko kila nilipobonyeza, kwa hiyo kitufe na nyaya vilikuwa vizima. Plagi nazo zilikuwa safi.

Nikainua nyuma kwa stendi, nikawasha bila kugusa mafuta. Ule utepe mpana wa mpira unaokanyaga theluji ukawa unazunguka taratibu, na haukupaswa kusogea hata kidogo. Mkanda wa puli, unaopeleka nguvu ya injini kwenye utepe huo, ulikuwa mpya na umebana mno, hivyo kranki ilijaribu kugeuka huku imebeba mzigo wa mashine nzima.

Nikazima, nikafungua kava, nikarekebisha skrubu ya puli ya pili kidogo kidogo hadi mkanda ukashuka, ukabaki umechungulia tu juu ya ukingo. Utepe ukatulia. Sasa rivasi inaingia kwa mbonyezo mmoja, hata asubuhi za baridi kali, ilimradi injini ipashwe moto kwanza.