Sanduku la bati la baba: wiki ya sita

Jana asubuhi nimepiga picha karatasi ya 143. Zimebaki kama mia mbili hivi, na ndizo ngumu zaidi. Zimegandana kwa unyevu, na pini za stepla zimeshika kutu hadi zimeacha doa la kahawia juu ya maandishi.

Baba alikuwa seremala Mazimbu, hapa Morogoro, kwenye karakana ya samani ya wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Alipofariki tulilikuta sanduku chini ya kitanda, nikadhani ni hati za shamba. Kumbe ni majarida ya Sechaba ya ANC, vipeperushi vya Uingereza na Uholanzi, na kadi za posta za kudai wafungwa wa kisiasa wa Afrika Kusini waachiwe.

Pini nazitoa kwa ncha ya kisu butu: nanyoosha miguu yake kwanza, kisha naivuta taratibu. Karatasi zilizogandana nazipitishia mvuke wa sufuria kwa mbali, nazitenganisha, halafu nazilaza katikati ya karatasi nyeupe na kuzikandamiza kwa tofali lililofungwa kitambaa. Juani sizianiki kamwe. Mwezi uliopita nilipeleka chache dukani kwa skana, mashine ikatafuna kona ya kipeperushi cha 1978. Iliniuma sana. Tangu hapo natumia simu tu, dirishani, saa tatu asubuhi.

Nimebadili pia namna ya kuyaita mafaili. Nilianza kwa nchi kilikochapwa kipeperushi, nikaona nawasahau wenyewe waliopiganiwa. Sasa jina la mfungwa linatangulia.

Faili nene kuliko yote ni la Solomon Mahlangu, kijana mpiganaji wa ANC. Alikamatwa Johannesburg Juni 1977, akahukumiwa kifo Machi 1978. Mwenzake, Mondy Motloung, alipigwa mno baada ya kukamatwa hata akashindwa kushtakiwa. Rufaa na maombi yakamiminika kutoka pande zote za dunia, Umoja wa Mataifa ukiwemo. Mahlangu akanyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, ana miaka 22. Shule ya Mazimbu, iliyojengwa kwenye shamba la zamani la mkonge, ikapewa jina lake. Kwenye pambizo la kipeperushi kimoja baba ameandika kwa penseli: "Wamemuua."

Kilichonikalisha chini wiki hii ni ukurasa mmoja wenye orodha ya walionyongwa. Baba alizoea kusema "naenda kwa Mini", na sisi watoto tukajua Mini ni mtu anayemlipa mshahara. Nimemkuta kwenye orodha: Vuyisile Mini, mtu wa chama cha wafanyakazi Port Elizabeth na mtunzi wa nyimbo, aliyenyongwa tarehe 6 Novemba 1964 pamoja na Wilson Khayinga na Zinakile Mkaba. Karakana ilibeba jina lake. Baba aliliingia jina hilo kila asubuhi na randa yake begani, na hakuwahi kutueleza.

Mama anasema yeye alijua. "Alikuwa hapendi kulisema usiku," ndivyo alivyonijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Wiki ijayo narudia karatasi 40 za mwanzo, maana nilipiga upande mmoja tu. Nyuma ya ule ukurasa wa orodha kuna hesabu ya baba: madawati 12, mninga, mbao za mbili kwa sita, na mchoro wa mguu wa dawati wenye vipimo vyake vyote.