Shingo ya mama na ile fomu ya bima

Sikuwahi kufikiria nitakesha nikisoma karatasi za bima kama mtu anasomea mtihani wa KCSE, lakini hapo ndio nimefika.

Dada yangu alijifungua huko Hamburg, na kwetu mtoto wa kwanza akizaliwa nyanya lazima aende akamshike, hiyo haina mjadala. Mama ana 63, mwalimu mstaafu, anakaa Maseno na kuku wake, mimi niko Kisumu kwa hivyo mambo ya fomu yote huniangukia. Viza ya Schengen wanataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen kwa siku zote utakazokuwa huko, na igharamie pia kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au ukiwa maiti. Nikaona hiyo ni kazi ya dakika kumi, si unalipa kwa M-Pesa wanakutumia cheti kwa simu basi.

Shida ilikuwa shingo. Tangu mwezi wa nne mama alikuwa analalamika ati kola za blauzi zimeanza kumkaba, sisi tukacheka tukamwambia ni chapati. Kumbe kuna kitu. Tukaenda ultrasaundi wakapata kinundu kwa tezi ya shingo, upande wa kulia, ukiguza unasikia kama maharagwe mawili yameshikana. Wakamdunga sindano nyembamba kutoa sampuli, wakambandika plasta ndogo, wakasema majibu ni kama wiki mbili. Daktari alisema vinundu vingi vya hapo huwa si saratani, na mama alishika hilo neno "vingi" akaenda nalo nyumbani kama risiti. Miadi ya viza ilikuwa siku tisa mbele.

Nikapanda kwa ofisi ya ajenti, Oginga Odinga Street, kijana mpole tu. Nikamweleza. Hata hakuinua macho kutoka kwa kompyuta, "Weka La hapo kwa magonjwa, bro, kwani mathe ameambiwa ni mgonjwa? Bado." Nikampigia mama, naye akanijibu kimwalimu kabisa, "Sasa mwanangu, kama mimi mwenyewe sijui naumwa nini, nitakuwa nimedanganya nani?"

Ukweli ni kwamba karibu anishinde. Lakini nilikuwa nimebeba ile karatasi ndefu ya masharti, ile hakuna mtu husoma, na usiku nikaipitia na tochi ya simu juu stima ilikuwa imepotea. Ukurasa wa pili wameeleza maana ya ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima. Hawasemi ugonjwa uliothibitishwa. Wanasema hali yoyote ambayo umeonyesha dalili zake, au umeona daktari kwa sababu yake, au umefanyiwa vipimo, au unasubiri majibu. Unasubiri majibu! Nikarudi kwa fomu, na kweli kuna swali linauliza hivyo hivyo, kama unangoja matokeo ya kipimo chochote. Hapo mama akiweka La amedanganya, na jina la ugonjwa halina haja kujulikana.

Nilikasirika kwanza. Alafu nikafikiria ile Probox yangu, nikienda kukata bima injini ikiwa inagonga na fundi hajafungua boneti, mwenye bima angekuwa mjinga kunikubalia kama gari zima. Na ukimwambia ni bearing angalau atapiga hesabu, lakini ukimwambia "inagonga tu" atapiga hesabu ya injini nzima. Ndio maana mtu wa presha anayejulikana, anameza dawa miaka kumi, wakati mwingine anapata kava haraka kuliko mtu mwenye hajui ana nini. Mgonjwa asiye na jina la ugonjwa ndiye wanamwogopa.

Kitu kingine sikuwa najua: hata ile sehemu ya kurudishiwa pesa za tikiti ukihairisha safari haitasaidia, juu majibu yakitoka mabaya na daktari aseme usisafiri, watakuambia hiyo sababu ulikuwa nayo siku unanunua. Na ukificha, hospitali ya huko ikiitisha rekodi wataona tarehe ya ultrasaundi. Sote tunajua hadithi za mtu kufia ng'ambo, bili imekaa, grupu ya WhatsApp inafunguliwa, kila mtu anatuma mia tano mia tano mwili urudi. Sikutaka mama awe hiyo grupu.

Kwa hivyo tukaweka Ndiyo. Kampuni ya kwanza ikakataa na mstari mmoja. Ya pili ikaitisha barua ya daktari, kitu kifupi tu, nini kimeonekana lini, kipimo gani kinangojwa, na kama hali yake inaruhusu safari ya ndege. Wakarudi wakasema watamlinda kwa kila kitu kingine, akianguka, akipata malaria ya kutoka nyumbani, akigongwa na baiskeli (dada anasema huko baiskeli ndio matatu), isipokuwa jambo lolote la hiyo tezi. Nikaomba hiyo isipokuwa iandikwe kwa barua pepe, isibaki mdomo wa simu. Cheti chenyewe kinaonyesha yuro 30,000 na tarehe zote, tukakipeleka na mama pamoja na zile yuro 90 za viza, watu wa viza wakapokea bila neno.

Tikiti nilinunua ile ya kubadilisha tarehe, imezidi kidogo na iliniuma, lakini ile ya bei rahisi ingekuwa kamari. Shingo kwa sasa tumejitwika wenyewe, mimi na dada tumeweka pesa kando, si nyingi.

Majibu ni Alhamisi. Mama ameshakunja leso sita za kubebea mtoto na anauliza kama kule wanauza unga wa wimbi ama abebe.