Kumtafuta lilaki: jinsi dume mweupe alivyobadilisha mpango

Wiki ya 1

Ninataka kupata ukoo wa sungura wa lilaki, ile rangi ya kijivu cha njiwa yenye wekundu wa mbali. Sina hata mmoja wa rangi hiyo. Ninao wanne: dume wa chokoleti na jike wa buluu, kisha jike wa chokoleti na dume wa buluu. Jozi hizi mbili hazina undugu, na nimefanya hivyo makusudi ili wajukuu wasije kuwa watoto wa ndugu.

Hesabu yenyewe iko kwenye jeni mbili. B hutoa weusi. Sungura aliyerithi b kwa mama na b kwa baba anakuwa chokoleti. D hukoleza rangi. Penye d mbili rangi hupauka, mweusi anakuwa buluu na chokoleti anakuwa lilaki. Lilaki basi ni bbdd. Chokoleti wangu nawachukulia kuwa bbDD, buluu ni BBdd, na watoto wao wote watakuwa BbDd, yaani weusi, huku wamebeba kila ninachokihitaji.

Kabla ya kuwapandisha niliwapuliza manyoya mgongoni mmoja mmoja. Sungura wa rangi ya porini ukimpuliza unaona pete: kijivu chini, kahawia katikati, ncha nyeusi. Hawa wanne hawana pete, unywele ni rangi moja kuanzia karibu na ngozi hadi nchani. Ni jambo la kushukuru, kwa sababu rangi moja hiyo ni fiche mbele ya ile ya porini, yaani hujificha mtoto akirithi ya porini hata kwa mzazi mmoja, na wawili wasio na pete hawazai mwenye pete. Jeni hiyo naiondoa kwenye hesabu. Wenye madoa sikuwagusa kabisa. Mtoto akirithi jeni ya madoa kwa wazazi wote wawili huwa katika hatari ya utumbo mpana kuvimba na kushindwa kazi, nami sitaki rangi ya kumtesa mnyama.

Jike ndiye anayepelekwa kwenye kizimba cha dume, si kinyume chake, maana jike hulinda kwake kwa meno. Mayai yake hutoka baada ya kupandwa, takriban saa 10 baadaye, kwa hiyo tarehe ninayoiandika ni tarehe ya kweli. Natarajia siku 31.

Wiki ya 7

Jozi ya pili imezaa 7, wote ngozi nyeusi tii. Jozi ya kwanza imezaa 8, na hapo nikakaa chini. Sita weusi, wawili waridi tupu, mgongo hadi miguu. Nilingoja macho yafunguke siku ya 11 nikiwa na matumaini kwamba nimekosea. Macho ni mekundu. Ni weupe kamili.

Hii ni jeni ya tatu, C, ambayo sikuwa nimeiwekea hata mstari kwenye daftari. C huruhusu rangi iwepo. Penye c mbili rangi yote huzimika. Wazazi wa jozi ya kwanza wote wawili ni Cc, na mimi nilikuwa nawaita safi kwa kuwatazama tu. Maana yake kila mtoto mweusi wa jozi hii ana uwezekano wa 2 kwa 3 wa kubeba c. Nikiwapandisha wawili wenye c, robo ya watoto watakuwa weupe, na lilaki anaweza kuzaliwa nisimwone kwa sababu weupe umemfunika.

Siku mbili nilipanga kuwatoa wale weupe. Kisha nikaandika jeni zao kwa ukamilifu, nikaona kosa langu. Mweupe si sungura asiye na rangi za ukoo wake. Chini ya weupe huo ni BbDd kama ndugu zake weusi. Dume mweupe akipanda jike wa jozi ya pili, anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa jike ana c, nusu ya watoto watakuwa weupe, na siri yake imejulikana. Ikiwa hana, hazaliwi mweupe hata mmoja, na rangi zinatoka kwa mgao wa 9 weusi, 3 chokoleti, 3 buluu, 1 lilaki. Na hawana undugu. Dume mweupe anabaki, namba 14.

Mgao wa 1 kwa 16 usimdanganye mtu akadhani watoto 16 wanatosha. Ili niwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata lilaki walau mmoja, nahitaji watoto 47 wenye rangi. Nimeandaa vizimba kwa hesabu hiyo.

Wiki ya 30

Majike 21, 22 na 23, weusi wa jozi ya pili, wamekomaa. Wawili wa kwanza wamepandwa na namba 14 wiki hii, 23 wiki ijayo. Masanduku ya kuzalia nitayaweka siku ya 28.

Wiki ya 34

Jike 22: watoto 6, weupe 3. Ana c, hakuna la kubishana. Waliobaki ni weusi.

Jike 21: watoto 8, mweupe hakuna. Weusi 5, chokoleti 2, buluu 1. Kama angekuwa na c, uwezekano wa kuzaa wanane wenye rangi mfululizo ungekuwa 1 kwa 256. Namwandika CC. Nimefurahi kuliko ningefurahi kumpata lilaki mwenyewe, kwa sababu sasa nina mnyama mmoja ninayemjua kweli.

Wiki ya 37

Jike 23: watoto 7, mweupe hakuna. Siku ya 4 niliwapanga juu ya taulo karibu na dirisha. Wanne weusi, mmoja chokoleti, mmoja kijivu cha risasi. Wa saba nilimweka ubavuni mwa yule wa kijivu, nikamwondoa, nikamrudisha. Ngozi yake ilikuwa hafifu zaidi, na kwenye mikunjo ya shingo kulikuwa na wekundu ambao mwenzake hakuwa nao. Sikuandika kitu.

Leo ni siku ya 12, macho yamefunguka. Nimemmulika tochi kwa ubavu. Jicho la kijivu-buluu, na ndani kabisa mng'ao mwekundu kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Buluu hana mng'ao huo. Nimeandika: bbdd.

Baba yake ni mweupe, kwa hiyo yeye ni Cc, na ndugu zake wote wenye rangi vilevile. Hiyo ndiyo gharama ya kumtumia namba 14, na sitawapandisha hawa wao kwa wao. Akiwa dume, ataenda kwa jike 21, dada wa mama yake. Kiwango cha udugu kwa watoto wao ni asilimia 12.5, nusu ya kile cha kaka na dada. Robo ya watoto lilaki, mweupe hatazaliwa. Akiwa jike, nitaanza kumpima c kaka mmoja wa 21, safari hii kwa yule mweupe wa pili, jike namba 15.

Jike 21 nimemhamishia kizimba kikubwa.