Sakafu ya loliondo iliyoumuka kama andazi

Kila niliyemwambia nataka sakafu ya mbao sebuleni alinijibu jambo moja: weka marumaru. Fundi aliyenijengea, weka marumaru. Mama watoto, weka marumaru, tena zile zinazong'aa. Shemeji yangu wa Majengo, ambaye habari zake zinakuja, alisema mbao ni za jeneza.

Lakini mimi nilishaziona. Upande wa Kibosho kulikuwa na nyumba ya zamani inabomolewa, na mbao za sakafu yake zilirundikwa chini ya migomba zikingoja kuwa kuni. Nikakwangua moja kwa ufunguo wa pikipiki. Chini ya ule weusi wa miaka nikakuta kahawia yenye michirizi ya kijivu. Loliondo! (Ni mti, jamani. Tangu 2011 hutamki neno hilo bila mtu kukuuliza habari za kikombe cha Babu.) Mti huu ni ndugu wa mzeituni, mgumu na mzito, kirikuu kilichozibeba kilishuka hadi Rau kikiwa kimekalia matairi. Nilitoa laki tatu na kitu pamoja na usafiri, na mzee aliyeniuzia alicheka peke yake wakati anahesabu.

Mwenye mashine ya kuranda alizitazama tu akarudi nyuma. "Mangi, mbao za kubomoa mimi sizigusi. Msumari mmoja, visu vyangu kwisha." Nikamwapia kwamba nimeitoa yote. Ubao wa tatu ukatoa cheche. Nililipa visu, nikarudi nyumbani na mbao zangu na aibu yangu.

Usiku nikaikumbuka redio ya marehemu baba iliyokufa siku nyingi. Nikaipasua, nikatoa spika, nikang'oa sumaku yake na kuifunga uzi. Unaining'iniza juu ya ubao, unaipitisha taratibu kama mtu anayevua samaki. Pale inapogeuza shingo, weka alama ya chaki: kuna kipande humo, hata kama kichwa kilikatika zamani na rangi imekifunika. Nilikaa barazani na sumaku yangu jioni nne, watoto wa jirani wakidhani napiga ramli. Na msumari wenye kutu usiuvamie kutoka juu, utabaki na kichwa mkononi. Gonga kwanza ile ncha kwa nyuma hadi kichwa kichomoze, ndipo uingize kucha ya nyundo, na chini ya nyundo weka kipande cha bati ili usibonyeze ubao. Kopo la rangi la lita nne lilijaa misumari. Nililipeleka kwa yule wa mashine, nikaliweka mezani kwake bila kusema neno. Akawasha mashine.

Nailoni juu ya zege, papi za kupigilia mbao, pima maji, haya kila mtu anayajua. Ila kabla ya yote bandika kipande cha nailoni kwenye zege, ziba kingo kwa selotepu, kikae siku mbili. Ukikuta kimetoa jasho kwa ndani, bado. Changu kilikuwa kikavu.

Sasa shemeji. Ilikuwa Februari, lile joto la Moshi la kukausha hadi mate, na mbao zilikuwa zimekaa sebuleni wiki tatu zikiizoea nyumba. Kijana fundi akasema tuache mwanya ukutani. Shemeji, aliyekuja kusalimia tu, akaweka chini kata yake ya mbege. "Mwanya wa nini? Unafuga mende? Kaza mpaka ukutani!" Kijana alikuwa na ujuzi, shemeji alikuwa na sauti. Nikafuata sauti. Ubao wa mwisho tuliupiga ukaingia kama kisigino kwenye kiatu kipya, tukapongezana.

Aprili, masika yamekolea, usiku wa manane tukasikia paa! Mama watoto akanishika mkono: "Mwizi." Nikatoka na panga. Hakukuwa na mwizi. Sakafu ilikuwa imeumuka katikati kama andazi, meza imeinama, na paka yuko chini ya mbao ananitazama kupitia ufa.

Ubao hunywa unyevu ukanenepa kwa upana. Kwa urefu karibu haubadiliki. Mimi nilikuwa na mbao 29 upande huo. Kila mmoja ukiongeza milimita moja tu, ni karibu sentimita tatu zinazotafuta pa kwenda, na ukuta hausogei. Nilimpigia shemeji simu. Akasema, "Si nilikwambia uweke marumaru?"

Tuling'oa ubao wa kila pembeni, na mgongo ule ukaanza kushuka wenyewe. Baada ya wiki kama mbili ulikubali kupigiliwa tena. Safari hii tuliacha mwanya wa kiberiti kilicholazwa, milimita 15 hivi, kuzunguka chumba chote. Ubao wa pembeni unaoufunika mwanya huo upigilie ukutani, usiupigilie kwenye sakafu, maana utakuwa umerudi kulekule. Januari mbao zinaachiana nyufa za kupitisha kadi ya benki. Sijali, masika huziba.

Matundu ya misumari niliziba kwa unga wa msasa wa mbao zilezile, nikauchanganya na gundi nyeupe. Vanishi nilipaka mara tatu. Ya kwanza niliacha mlango wazi ikauke haraka, vumbi lote la Rau likaja kulala humo, nikapiga msasa upya huku natukana kimoyomoyo.

Shemeji alipita juzi. Alivua viatu bila kuambiwa, akaikanyaga sakafu kila upande, akainama kuchungulia pembeni, kisha akaulizia zile mbao nane zilizobaki nyuma ya jiko. Nimemwambia zina mwenyewe.