Hadithi zangu huanza na tarehe ya mwezi

Ushauri niliopewa nilipoanza kuandika ulikuwa ni ule ule: pamba maneno. Anza na jua linavyochomoza, tia methali kila aya, tumia msamiati mzito. Nikaufuata, nikapata kurasa tatu zinazonukia asumini ambamo hakuna mtu aliyetoka hata mlangoni. Wanaotoa ushauri huo sijui kama wamewahi kukaa Mkunguni, uwanja wetu wa mji wa Lamu, wakamsikia mzee akisimulia. Hajamaliza kukaa vizuri, tayari kuna mtu ana shida.

Siku hizi siandiki mstari kabla ya kujua mawili: mtu huyu anataka nini, na ni kitu gani hakitamngoja. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Mama wa kambo au tajiri mchoyo, mwandishi akichoka humlainisha. Maji hayalainiki, na sisi wa Lamu tumepewa maji bure.

Ndiyo maana kalenda ya Kiislamu, inayofuata mwezi kama maji ya bahari yanavyoufuata, iko mezani, karibu na daftari. Tuseme kijana yuko Lamu, mamake amefariki Pate, anataka kuwahi mazishi. Nampa tarehe 15 ya mwezi. Hilo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na siku za bamvua kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa saa nne au saa tano. Boti ikiondoka Lamu saa tatu asubuhi, itafika maji yametoka, na mbele ya mji wa Pate ni matope na mikoko. Abiria watashushwa Mtangawanda, gati la kisiwa hicho, na kutoka hapo ni mguu, karibu saa nzima kwenye jua. Maiti anaswaliwa baada ya adhuhuri. Angalia: sijabuni vita wala jini, na msomaji tayari anahesabu dakika. Nahodha akisimama kupakia magunia mawili zaidi, msomaji atamchukia bila mimi kusema kwamba ni mtu mbaya.

Sasa nikiisogeza tarehe iwe 8, mambo yanageuka. Ni maji mafu: yanajaa saa nne, saa tano ya mchana, lakini hayajai sana. Wasiwasi si saa tena, ni uzito wa boti. Ikiwa imesheheni simiti, itapita au itakwama? Nani atashuka kusukuma? Hadithi nyingine kabisa, na sikubadilisha ila tarehe moja ya kalenda.

Kwa jahazi la tanga ongeza upepo. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ni Desemba hadi Machi; kusi, utokao kusini, ni Aprili hadi Septemba hivi. Nimeshasoma jahazi linatoka Mombasa Januari, tanga limejaa, kesho yake liko Lamu! Upepo huo ni wa mbele. Nahodha atabisha, yaani ataukata upepo kwa mshazari, kwenda na kurudi mpaka mabaharia wachoke, na kule kuchoka ndiko kwenye hadithi, mwandishi amekuruka.

Mambo ya kazi waulize wenye kazi. Fundi wa Matondoni haambii mtu kwamba ameziba nyufa. Ametia kalafati: pamba iliyolowa mafuta, inasukumwa kati ya mbao kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo. Jambo moja la namna hii kwa ukurasa linatosha. Ukitia matano, umeandika kitabu cha ufundi.

Kabla ya kuandika namsimulia mtu, kwa mdomo, dakika kumi hivi, nami nasikiliza anavyoniuliza. Akisema "Ehe, ikawaje?" naendelea. Akiuliza "Huyo nani tena?" wahusika wamezidi; hadithi ya maneno elfu mbili haibebi zaidi ya watatu wanne. Akiuliza "Kwani asiende kwa gari?" nimeacha tundu, lazima nilizibe kabla ya kushika kalamu. Na akitoa simu mfukoni, hapo naweka alama. Mimi mwenyewe nikiruka sehemu kwa sababu naona uvivu kuisimulia, siiandiki kamwe. Huu ujanja haugharimu zaidi ya kikombe cha kahawa, au viwili kama msikilizaji ni mpwa wangu.

Mazungumzo nayaweka kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, kidogo: "ndoo" (njoo) na "mayi" (maji) na "ndia" (njia), na msimulizi anabaki na Kiswahili sanifu, ili msomaji wa Mwanza asipotee. Methali nampa mhusika mmoja tu, ikiwezekana yule anayewachosha wenzake.

Ramadhani sianzi kitu kipya, nasahihisha tu. Baada ya tarawehe baraza zinajaa hadi usiku mkubwa, na wasikilizaji wa kupima mwisho wa hadithi wako wa kuchagua.