Tupimieni kwa kilo jamani

Mbukwenyi ndugu zangu! Leo naongea kuhusu sado maana nimechoka nayo kwakweli.

Anayenunua nyanya, viazi au maharage hapa Dodoma anaijua, ile ndoo ya rangi ya lita 4 ambayo ndo imegeuka kipimo cha kila kitu, sado tano debe moja, na kwa hesabu iko sawa kabisa. Shida ni sado yenyewe. Siku ukienda sokoni igeuze uangalie kitako, kuna zilizobonyezwa kwa ndani mpaka kitako kimepanda juu vidole viwili, zingine zimepitishwa kwenye moto ubavu ukajikunja, na wapo wauzaji wenye sado mbili chini ya meza, moja ya kupokelea mzigo na nyingine ya kutupimia sisi. Ukiuliza unaambiwa dada hii ndo sado ya hapa, kama hutaki nenda kwingine. Nimeenda meza ya pili, nayo imebonyea.

Halafu kuna namna ya kupanga. Nyanya nzuri nyekundu zinakaa juu, zilizolainika ziko chini, na akimimina anakung'uta haraka haraka kwenye mfuko wako afu anaweka moja ya nyongeza juu ushukuru. Viazi ndo balaa zaidi, kiazi kikubwa kinaacha nafasi kubwa pembeni yake, kwahiyo anayekuchagulia viazi vikubwa vikubwa kwa upendo anakuuzia vichache. Kwenye kilo ujanja huo wa nafasi haupo. Kilo ni kilo, viwe vikubwa viwe vidogo.

Kinachoniuma hasa ni upande wa mkulima. Huko shambani kitunguu na kiazi kinafungwa lumbesa, gunia linajazwa mpaka mdomoni halafu linashonewa kichwa juu, linavimba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kanuni zinasema gunia lisizidi kilo 100, kila mtu anajua. Sasa fikiria, kwa mkulima kipimo kinaongezwa, kikifika kwangu kinapunguzwa, na ni kitunguu kilekile kutoka shamba lilelile. Yeye kaibiwa mimi nimeibiwa, na sisi wawili ndo tunaohangaika, yeye na jua mimi na mshahara. Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo wanakagua mizani na kubandika stika, ingia bucha lolote utaikuta mizani imekaa pale mezani na hakuna mchinjaji anayekwambia nikupimie nyama kwa ndoo. Kwanini nyama ipimwe kwa gramu na nyanya kwa kopo la rangi? Nauliza kwa dhati kabisa.

Mafungu sina ugomvi nayo. Fungu la jero limepangwa pale unaliona kwa macho yako, ukilipenda unachukua, na kwa mtu mwenye jero tu mkononi fungu linamsaidia kuliko kilo. Ila chenji ya pipi hapana. Ukinidai mia mbili nakupa mia mbili, nikikudai mia mbili nipe mia mbili, watoto wangu hawali pipi kwa chakula cha jioni.

Sa tuje kwenye mafuta. Dodoma na Singida ndo kwenyewe kwa alizeti, mashine za kukamua ziko kila upande, barabarani madumu ya lita 5 na 20 yamepangwa yanang'aa. Mi napenda mafuta ya mashine haya ya kwetu, yana harufu ya alizeti yenyewe, mchicha ukiungwa nayo mtu akipita nje anajua. Lakini yanachanganywa siku hizi, na nilivyofundishwa na mama mmoja jirani hapa Nkuhungu ni hivi: subiri mwezi wa sita na wa saba, baridi la Dodoma likipiga na ule upepo wake, weka dumu dirishani usiku mzima. Alizeti halisi asubuhi inamiminika, inaweza kuwa na ukungu na mashapo kidogo chini maana ya mashine hayajasafishwa, hiyo kawaida. Yakiganda kama samli ujue yametiwa mawese. Ndo maana mi nanunua lita moja kwanza, nakaa nayo, nikiridhika narudi palepale kuchukua dumu. Muuzaji akikataa kukuuzia lita moja achana naye.

Mwisho wa mwezi hela ikikata nyumbani kwangu tunarudi kwenye mlenda, ile mboga ya majani makavu yaliyotwangwa inayovutika, na nasema tunarudi lakini sio kwa unyonge, watu wanauona chakula cha shida na mi sikubaliani nao hata kidogo. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, mwaka mzima ni milimita 500 na kitu hadi 600, kwahiyo bibi zetu wa Kigogo walishajua zamani kwamba mboga inachumwa porini wakati wa mvua inaanikwa, zamani kwenye mapaa ya tembe na juu ya mawe, inatwangwa, inakaa mpaka mvua nyingine. Hakuna friji wala umeme kukatika.

Ninaponunua ni kwa bibi mmoja anakaa chini mwishoni kabisa mwa safu ya mboga, ana beseni tatu na kikombe cha bati. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, leo unataka upi. Upo uliotwangwa laini kabisa na upo wenye vipande vipande vya majani. Anakukingia kidogo kwenye kiganja uonje, na hapo ndo pa kuwa makini, weka ulimini usugue na meno ya mbele, ukisikia kri kri ni mchanga, ulianikwa chini, huo acha. Mzuri ni wa kijani kilichokolea na unanukia majani makavu, ukibadilika kahawia umezeeka. Kikombe chake anajaza mpaka unamwagika halafu anaongeza na konzi. Hana mizani na mi simdai mizani, sijawahi kufika nyumbani nikahisi nimepunjwa.

Kupika ni dakika chache. Maji kikombe kimoja na nusu jikoni, chumvi, magadi kidogo sana ncha ya kijiko, ukizidisha unakuwa mchungu na sabuni sabuni, nyanya moja umeikatakata. Yakichemka nyunyiza unga wa mlenda vijiko viwili huku unakoroga, usimwage wote kwa pamoja utapata madonge, na usifunike maana unafura unamwagika kwenye jiko lote. Pembeni koroga karanga za kusaga na maji kidogo ziwe uji, mimina, punguza moto, acha dakika kumi karanga ziive mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Hauna tone la mafuta. Ukiinua mwiko uvutike kidogo afu ukatike, ukivutika mpaka chini bado mwepesi ongeza mlenda.

Ugali wake ni wa uwele. Wa mahindi unaenda pia sawa, ila mlenda na uwele vimezoeana. Hapa tena nina neno na maduka, unga wa uwele wa pakiti uliokaa rafuni miezi usinunue, uwele una mafuta ndani yake na ukishasagwa hauchelewi kuingia uchungu, watoto wanakataa halafu lawama anapewa uwele. Nunua nafaka, pepeta, chagua mawe, peleka mashineni kilo mbili tu, ule wiki hiyo uishe. Ukiwa freshi una utamu wake kwa mbali, rangi ya kijivu, na unashiba mpaka kesho.

Mimi sasa natembea na mizani ya mkononi, ile ndogo ya kuning'iniza. Sigombani na mtu, nanunua sado, naning'iniza mfuko palepale mbele yake, nasoma kwa sauti. Wengine wananuna. Mmoja, kijana wa viazi, aliangalia namba akaniongezea viwili mwenyewe bila kuambiwa, na sasa nikifika anamwita mdogo wake njoo mteja wa kilo amefika, mdogo wake analeta viazi tunapima pamoja. Nyanya bado. Kama kuna genge lolote maeneo ya Nkuhungu, Chang'ombe au Majengo wanapima nyanya kwa kilo niambieni, nakuja hata kwa mguu.