Basi la Waya Lililokatwa Kiunoni

Jumamosi tulipanda basi la mwendokasi Kimara, mimi na kitinda mimba wangu, tukienda Kivukoni kununua samaki. Viti vilikuwa vimejaa, tukajibana pale katikati, kwenye ile sahani ya sakafu inayozunguka basi likikata kona. Kule mjini basi lilipopinda, sakafu ikaanza kusogea chini ya viatu vyetu na kuta za mpira zikajikunja upande mmoja. Binti akanishika mkono.

"Baba, hapa hapawezi kukatika?"

Nikamwambia hapakatiki. Halafu nikanyamaza mpaka tunashuka, maana basi la aina hii nimeshaliona likikatwa, tena hapo hapo kiunoni.

Ilikuwa mwaka 1984, Magomeni, nikiwa darasa la tano. Barabara ya Morogoro ilikuwa yetu, na mfalme wake alikuwa Ikarus wa UDA, shirika la mabasi la Dar es Salaam, lile basi refu kutoka Hungaria tuliloliita kumbakumba. Kila mtoto wa mtaa alikuwa na gari la waya, lakini wote walitengeneza Land Rover au Scania. Kumbakumba hakuna aliyethubutu, kwa sababu ya kiungo cha katikati, ile shingo inayojikunja. Mimi nikathubutu.

Seng'enge niliiokota kwenye uzio wa zamani, viungo nikafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tairi nilizikata kwenye ndala zilizokwisha, nikizichora kwa kopo la Kiwi. Hayo yote yalikwisha kwa siku nne. Kazi ilikuwa shingo. Nilichukua karatasi ya mfuko wa simenti, tabaka la ndani lisilo na vumbi, nikaikunja mikunjo midogo midogo kama kinanda cha kubana, kila mkunjo upana wa ukucha. Ilichanika mara mbili. Mara ya tatu nikaisugua mshumaa pande zote kabla ya kukunja, ikawa laini, ikakubali kubanwa na kufunguka bila kupasuka. Nililala nayo chini ya mto. Basi zima lilifika rula mbili na robo za shule.

Jioni tulikuwa na desturi ya kukagua magari kabla ya kuyakimbiza. Unaliweka chini, wenzako wanalizunguka. Tairi inayoyumba inasemwa. Usukani mgumu unasemwa. Hakuna aliyekuwa anasifia ili kukufurahisha, na ndiyo maana sifa ilikuwa na uzito. Siku ile walizunguka, wakachungulia shingo, wakabinya ile karatasi, na kwa mara ya kwanza sikusikia kasoro. Mmoja alisema tu, "Duh." Bado nalisikia.

Hapo ndipo akatoka Fundi. Alikuwa amepanga chumba cha uani kwetu, makanika wa mabasi, ovaroli yake ikinuka dizeli hata siku ya mapumziko.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hebu nilione."

Hakuliinua. Alichuchumaa, akalisukuma polepole kwa kiganja, akalizungusha kulipitisha pembeni ya jiwe. Kisha akalisogeza kando na kuniambia nitazame mchanga. Tairi za mbele zilikuwa zimeacha mistari miwili iliyopinda vizuri, imekatika safi. Za katikati hivyo hivyo. Za nyuma hazikuacha mstari. Ziliacha ufagio mpana, na mchanga umelundikana upande mmoja kama umepitiwa na jembe.

"Hizi haziviringiki," akasema. "Zinakokotwa."

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na fundi mwenzake. Ekseli ya mwisho ya Ikarus nayo inakata kona. Shingo ikipinda, vyuma vilivyo chini vinaivuta ekseli ile, tairi zinageuka, mkia unafuata njia ya kichwa. Bila hivyo, mkia ungeingia ndani ya kona na kupanda juu ya watu kituoni. Akauliza na injini nimeiweka wapi. Nilikuwa nimefunga kikopo mbele, chini ya dereva. "Pale hakuna kitu. Injini iko tumboni, kati ya tairi za kwanza na za pili. Siku nyingine inama uchungulie."

Halafu akatoa plaizi mfukoni.

Sikuelewa mpaka niliposikia waya wa kwanza. Kach. Wa pili, wa tatu, wa nne. Ile karatasi yangu ya mshumaa ilining'inia kidogo, kisha ikachanika kwa uzito wa mkia. Wenzangu walikuwa kimya. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo ya usukani, na mwisho wa fimbo kulikuwa na nusu basi.

"Kesho nikitoka zamu nakuja na waya laini," akasema Fundi. "Tunalifunga linavyotakiwa."

Kesho yake alikwenda zamu ya usiku. Wiki haijaisha akahama, na wapangaji wakihama hawaagi watoto.

Nililifunga mwenyewe. Ilinichukua wiki tatu. Niliunganisha waya mbili kutoka kichwani hadi ekseli ya nyuma, na kila nikikata kona tairi ziligeuka upande usiotakiwa, zinakokotwa kuliko mwanzo. Siku moja nikazipishanisha, wa kushoto ukaenda kulia na wa kulia kushoto. Nikalisukuma kuzunguka jiwe lile lile. Nyuma ikaacha mistari miwili safi. Niligeuka kutafuta wa kumwonyesha, lakini msimu wa tiara ulikuwa umeingia na kila mtu alikuwa anatazama juu. Shingo sikuivisha karatasi tena.

Leo naunda magari madogo ya mfano; meza yangu mnaijua, na Datsun 240Z ya mbio za Safari iliyo juu yake, kama ile aliyoshindia Shekhar Mehta mwaka 1973, mnaijua pia. Juzi usiku nilichukua kalamu. Ikarus 280 ina urefu wa mita 16.5. Ukigawanya kwa 24, unapata karibu sentimita 69. Rula zangu mbili na robo ni 67 na nusu. Bila kujua, mtoto wa darasa la tano alikuwa amegusa 1:24, kipimo cha gari la mfano ambalo la kweli ni kubwa mara 24 kulizidi. Ila tairi zilizidi: za kweli kwa kipimo hicho hazifiki sentimita 5, na kopo la Kiwi ni kubwa kuliko hapo. Fundi hakuzitaja tairi kabisa. Aliuliza tu kama basi linakwenda.

Mkinitumia picha za kazi zenu nawaandikia habari za rangi iliyovimba na mshono uliobaki kwenye boneti. Nayaandika kwa moyo wote. Lakini sijawahi kuinama na kusoma mchanga wa mtu namna ile, na sijawahi kugusa plaizi. Alikuwa sahihi kuhusu ekseli. Kama alikuwa na haki ya kukata, miaka 40 imepita na bado nalijibu swali hilo tofauti kila nikiulizwa na moyo wangu.

Wakati wa kurudi Kimara viti vilikuwepo. Binti alikataa kukaa. Alisimama pale pale kwenye sahani, mfuko wa samaki miguuni, akainama kutazama sakafu inakoelekea.